Pia ya Shaba

Mpangaji wa chumba cha uani huipapasa mashine yake ya kukereza vyuma kwa kiganja, kama mama anayepima homa ya mtoto. Kila mwezi huifungia kifaa kipya, na wenzake huja kuikagua wakinong'ona. Vyombo vya mama mwenye nyumba hutikisika kabatini, naye hubaki kujiuliza hiyo mashine inazaa nini. Siku moja uzalendo ukamshinda, akaingia bila hodi, mdomo umejaa maneno. Akakuta wanaume wazima wamepiga magoti, videvu mezani, wakiitazama pia ya shaba, kama ile ya watoto, ikizunguka kwa utulivu hata ungedhani imesimama.

"Shikamoo mama. Samahani, usipumue kwanza," mpangaji akanong'ona.

Mama akabana pumzi. Pia ilipoanguka, yeye ndiye aliyetangulia kusema: "Hebu izungushe tena."