Kitenge Cha Kukubebea na Ncha Ya Fibre

Nakumbuka Jumamosi ile kule mtaa wa Nyalukemba, mwanangu, na wewe ulikuwepo: mgongoni mwangu, ukinidondoshea maziwa shingoni. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kufunga intaneti ya fibre. Mwenye nyumba, Maman Sifa, alikuwa akingoja saa nne ifike, ndipo harusi ianze. Mwanawe wa kiume, kifungua mimba wake, anafunga ndoa Ubelgiji, na yeye, kwa kunyimwa viza, ataiona kwenye televisheni tu. Wageni walishajaa.

Nikachomeka konekta, kile kichwa cha waya wa fibre. Taa ya boksi ya intaneti ikawa nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka. Nyekundu.

"Maman technicienne, bwana arusi atazeeka!" tonton mmoja, mjomba mpenda utani, akaniambia mimi fundi. Wakacheka wote.

Unanijua nilivyo na hasira. Nikatoka mbio hadi kwenye nguzo alipokuwa Papa Bahati, mzee aliyenifundisha kazi.

"Papa, boksi yenu iko mbovu!"

"Ulisafisha ncha?"

"Nilisafisha sana!"

"Na nini?"

Nilikuwa nimeipangusa na kitenge cha kukubebea, pale pale penye maziwa.

Papa akaja, akaiweka ncha kwenye kamera yake ya kukuza. Uzi wa kitenge ulilala pale kama gogo lililofunga barabara ya Kavumu.

"Ona. Hapa katikati kuko kioo nyembamba sawa nywele. Konekta mbili zinabusiana, kioo kwa kioo, mwanga inapita. Weye umeweka maziwa ya mutoto katikati ya busu!"

Tonton alicheka hadi akakaa chini. Nami, kwa hasira zangu zote, nikacheka.

Papa akamwaga konekta zake za aina nne kiganjani. SC, ya mraba, unaisukuma hadi ilie tak. LC, nusu yake, ina kidole cha kubana. ST ya zamani, unasukuma na kuzungusha. FC unaikaza kama nati. Ya kijani ncha yake imekatwa mshazari, ya buluu haikukatwa hivyo. Kijani na buluu usizioanishe hata zikiingiliana.

"Sura mbalimbali," akasema, "lakini hakuna hata moja inapenda kitenge."

Akanipa kitambaa kisichoacha nyuzi, chenye pombe ya kusafishia. Nikapangusa, nikaangalia kwenye kamera, safi.

"Chomeka weye mwenyewe."

Tak. Kijani. Bwana arusi akatokea kwenye televisheni, tai imepinda.

"Mpaka leo hajue kufunga tai!" Maman Sifa akapiga kelele, machozi yanamtoka. Kazi nikaipata.

Sasa sikia, maana hasira zangu umezirithi. Siku ile akili nilikuwa nayo. Nilishajiambia nimefanya vizuri, basi sikuangalia. Ukikwama, kabla hujalaumu boksi, chomoa, tazama ncha yako mwenyewe. Safisha na kinachosafisha, usichukue tu kilicho karibu. Halafu tazama tena. Na wakikucheka, cheka nao, kisha umalize kazi.

Mungu akupe mikono safi na jicho lisilochoka kutazama mara ya pili. Na siku utakapokuwa mbali, mimi nimekaa mbele ya televisheni nakungoja, sura yako inifikie bila kukwama.