Gari Lililokawia Kujaa

Mama yangu alikuwa mtu mwema, na wema wake ulinichosha. Watu waliomjua kule Riruta, Nairobi, miaka ile ya sabini wakikutana nami hunishika mkono, machozi yakawalenga, wakaniambia nilibahatika. Sawa, nilibahatika. Lakini wao walikuwa wageni. Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba, niliyelala mkekani ili wao walale kitandani.

Baba alipofariki, mama alikataa kurudi kwetu magharibi. Alibaki mjini na mimi na kanisa lake. Akina mama wa kanisa walimsifu kwa maombi. Mimi nilimjua kwa kusindikiza. Mgeni hakutoka kwetu hivi hivi. Alisindikizwa hadi langoni, wakasimama. Hadi dukani, wakasimama tena. Hadi barabarani, na huko ndiko habari zenyewe zilikoanza, zile zilizokataa kutoka walipokuwa wamekaa kwenye viti. Huku nyumbani maharagwe yanaungua.

Kisha jicho lake la kushoto likaanza kufifia. Wakati huo nilikuwa nikipiga taipu kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa katikati ya mji, na shemeji yake alikuwa daktari wa macho kule Westlands. Nilimsumbua bosi wangu mpaka akaniombea nafasi. Daktari alimpima mama, akasema ni presha ya jicho, na kwamba asipofanyiwa operesheni upesi jicho litakufa. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kusafiri kwao India kwa miezi kadhaa. Akatupa Ijumaa asubuhi, siku yake ya mwisho kazini.

Wiki nzima nilimwimbia mama Ijumaa, Ijumaa, mpaka akaniambia anaijua Ijumaa tangu kabla sijazaliwa. Tulikubaliana nipitie kazini kuomba ruhusa, tukutane kliniki.

Sasa, nyumbani palikuwa na mgeni, mama mmoja wa kwetu aliyekuja kumwona mjukuu. Na huyo mama, katika siku zote alizoumba Mungu, alichagua kurudi Ijumaa hiyo.

Nilisimama kwenye veranda ya kliniki nikitazama kila basi lililotoka upande wa mji. Daktari alichungulia, akarudi ndani. Akachungulia tena. Mchana akamwita mgonjwa mwingine, na baada ya hapo akavua koti lake jeupe, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka, akaondoka.

Mama alifika jua limeshaanza kushuka, amefunga kitambaa chake cha kanisani, anatabasamu. Alikuwa amemsindikiza mgeni hadi stendi ya mabasi ya mashambani. Basi lilikataa kujaa, na gari lisipojaa haliondoki, na mama hawezi kumpa mgeni mgongo kabla gari halijaondoka. Kwa hiyo alisimama dirishani akipiga gumzo. Lilipojaa, akaliombea, dereva na kondakta wakiwemo.

Nilimuuliza kwa nini hakumkabidhi kwa kondakta akaja kutibiwa. Nadhani nilipaza sauti, maana askari wa mlangoni aligeuka.

"Sasa ningemwacha aje, mwanangu?" akasema. "Afike nyumbani aseme Nairobi alikosa mtu?"

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akakosa daktari.

Nilijaribu kwingine. Hospitali kubwa walituambia tusubiri zamu, na mama akiwa kwenye foleni huwapisha wenye watoto, wazee, na yeyote aliyekohoa. Miezi ikapita hivyo. Daktari aliporudi, mimi mwenyewe nilimpeleka mama, nimemshika mkono kama mhalifu. Daktari alimulika jicho lile kwa muda mrefu.

"Mama, hii jicho kwisha," akasema polepole. "Hii ingine tutachunga."

Mama akamshukuru. Akamuuliza kama alisafiri salama, kama alimkuta mamake mzima. Daktari akavuta kiti na kumweleza habari za mamake, magoti yanavyomsumbua, na mama akamwahidi kwamba akina mama wa kanisa watamwombea Jumapili. Wagonjwa wengine walikuwa wakingoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale kando ya mlango, sioni mbele kwa hasira.

Tulipotoka nje nikashindwa kujizuia. Nililia barabarani, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakitoka kununua mboga. Mama alinivuta kando, akatoa leso yake, akaanza kunipangusa uso. Alinipangusa upande mmoja tu, kwa makini sana, kwa kuwa upande wa pili hakuuona.