Dawa Niliyomnywea Mwingine

Mtaani kwetu Tabora, mwanamke akishazaa hubadilishwa jina. Anakuwa mama wa fulani, na jina lake la usichana linabaki kwa wazazi wake. Mimi nilipoolewa nikahamia nyumbani kwa wakwe, wakaniita Bibi Harusi kama wanavyoitwa wote wanaoingia. Miaka ikapita. Walioolewa mtaa ule baada yangu wakawa mama wa huyu na mama wa yule, mimi nikabaki Bibi Harusi. Muuza mkaa ananiita hivyo. Watoto wa jirani wanaokuja kuazima kinu wananiamkia, "Shikamoo Bibi Harusi," nami naitikia marahaba.

Nyumba ya wakwe ina ua katikati. Vyumba vyote vinafungukia uani, na mlango wa kutokea barabarani ni mmoja. Mama mkwe, ambaye ni mjane, hutandika mkeka wake karibu na mlango huo tangu asubuhi, akachambua mchele au akabangua karanga, na hakuna anayepita bila kuulizwa anakwenda wapi. Si mkali. Watu nikiwasimulia habari za mama mkwe wangu wanangoja matusi na masimango, lakini hayakuwapo. Angekuwa mkali ningemjibu, au ningerudi kwetu Igunga. Yeye alikuwa ananihurumia. Aliniomba niache kuuza vitenge sokoni kwa sababu kubeba mafurushi kunaharibu kizazi, nikaacha. Akaniomba nisipande pikipiki, hata ya mwanawe, ambaye ni fundi pikipiki, nikawa natembea kwa miguu. Akaniomba nisichote maji. Mwisho sikuwa na kazi isipokuwa kukaa naye pale uani nikingoja tumbo lijae, naye akilitazama pale alipodhani simwoni.

Hospitali nilikwenda kwa baraka zake. Ndiko nilikokutana na wale wanawake wawili.

Tulikaa benchi moja, asubuhi ya joto, mkabala na benchi la wajawazito. Kushoto kwangu alikuwapo mama mtu mzima kidogo, mkulima wa tumbaku kutoka Ulyankulu, Mkatoliki, wazazi wake walitoka Burundi. Alikuwa anashika mimba, lakini zinatoka kabla hazijafika mbali. Kulia alikuwapo fundi cherehani wa hapa mjini, msichana mwenye maneno mengi, mirija yake imeziba. Mume wake ni dereva wa malori ya mchele na humwona kwa nadra. Foleni haikusogea. Kisha fundi cherehani akawatazama wale wajawazito, akatunong'oneza:

"Hivi waliotupanga hivi walitaka tujifunze kwa kuangalia?"

Yule mama wa Ulyankulu alicheka mpaka akajifunika uso kwa khanga. Nilishangaa kusikia na mimi nacheka.

Baada ya hapo tulianza kungojana. Fundi cherehani alipopangiwa kupiga picha ya mirija mumewe alikuwa njiani na lori lake, basi sisi ndio tuliomsindikiza. Kipimo kile kinauma. Alinishika mkono akauminya, na alipotoka nje tulimkalisha kivulini tukamlisha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo mama wa Ulyankulu hakosi kuwa navyo mkobani. Kuanzia hapo kila Jumamosi tulikutana kwenye chumba cha fundi, nyuma ya cherehani, katikati ya magauni ya watu. Mama mkwe nilimwambia nakwenda kujifunza kushona. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani, kwa sababu nilijifunza kupiga pindo.

Vipimo vyangu vyote vilitoka vizuri, na fundi ndiye aliyenisindikiza siku ya majibu. Daktari alisema, "Sasa mlete baba." Kumleta baba kulichukua muda. Alikuwa na kazi nyingi, kisha akawa na mafua, kisha mteja wake mmoja akawa na haraka. Hatimaye alikuja, akapimwa, wakarudia kipimo, na daktari akatuita wote wawili ndani akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mbegu hazionekani. Mume wangu aliuliza, "Ni chache?" Daktari akasema, "Hazionekani kabisa, kaka yangu." Akaeleza habari za uchunguzi zaidi katika hospitali kubwa, huko mbali. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake yenye oili.

Tulirudi kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki, mimi pembeni yake. Karibu na reli alisimama.

"Mke wangu, hili liishie hapa. Mama asijue. Mtu yeyote asijue."

"Sawa," nikasema.

Nilimpenda, na bado nampenda. Nilidhani ananiomba siku chache za kukusanya nguvu. Sikujua kwamba neno lile nitaishi ndani yake. Siku chache zikawa miezi. Kila nilipotaka kulizungumza alikuwa anainuka, anakwenda kukagua mlango kama umefungwa.

Kwa hiyo dawa nikanywa mimi. Mama mkwe alianza na majani yaliyochemshwa, kikombe kila asubuhi kabla sijala. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama anavyompa mgeni, akakaa mpaka nimalize. Mume wangu alikuwa anapita uani akienda gereji. "Mwangaluka, mayu," anamwamkia mama yake kwa Kinyamwezi, ananiona na kikombe, anainamisha kichwa, anatoka. Ningeweza kukataa, lakini kukataa kungeleta swali, swali lingetaka jibu, na jibu nilikuwa nimeshalifungia.

Kibaya zaidi ni Jumamosi zangu. Pale nyuma ya cherehani ndipo nilipokuwa napumua, na pale pia nikawa nimefungwa. Wenzangu walisema yote. Mama wa Ulyankulu alitusimulia mimba zake moja moja, mahali alipokuwa shambani kila ilipotoka. Fundi alilia habari za mumewe, ambaye alikuwa ameanza kulala Igunga hata lori likiwa halina mzigo. Ikifika zamu yangu nilisema, "Bado wanachunguza." Mama wa Ulyankulu alinishika tumbo na rozari mkononi, akaliombea. Mimi ni Mmoraviani, sijui rozari, lakini nilifumba macho. Nilitamani kumwambia aliache tumbo langu, halina kosa.

Kisha tukaenda Bukene. Shangazi wa mume wangu alikuwa amempata mganga anayesifiwa, na mama mkwe alishaamua. Usiku ule nilimuuliza mume wangu, "Na huko pia niende?" Akasema, "Nenda tu, wataridhika." Tukapanda treni ya Mwanza, mimi na mama mkwe, yeye akiwa amenishikia nafasi ya dirishani ili nipate hewa. Shangazi alitupokea kituoni kwa vigelegele, kana kwamba mtoto tayari yumo. Mganga alitoa mizizi. Nilikunywa pale, tukapewa na mingine ya nyumbani. Ilikuwa michungu kiasi kwamba ulimi ulikufa ganzi.

Tuliporudi Tabora nilianza kutapika. Hata hivyo sikuacha kuinywa mizizi ile. Macho yakawa ya njano, miguu ikakosa nguvu, na mama mkwe akasema, kwa furaha na hofu pamoja, "Labda ndiyo yenyewe." Alidhani ni mimba. Nilikuwa nimelala mkekani, namsikia akimwambia jirani. 

Jumamosi ilipopita bila mimi, wenzangu walikuja. Hawakuwahi kufika kwetu. Fundi alipita mlango ule kwa "shikamoo mama" moja ndefu, akasema wamekuja kumwona mwanafunzi wake wa kushona. Mama wa Ulyankulu aliniona, akavua viatu, akaomba maji ya uvuguvugu. Aliniosha kama anavyooshwa mzazi. Alipofika kifuani akaona kikombe pembeni ya mkeka, akakinusa, akamwaga chini.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hizi dawa unamnywea nani?"

Nilimtazama. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa kichwani kimelegea. Machozi yalianza kunitoka, yakaingia masikioni kwa vile nilikuwa nimelala chali.

"Sijakuuliza ili unijibu," akasema. "Nyamaza. Nimeshasikia."

Walinipeleka hospitali kwa bajaji. Mama mkwe alipinga, akasema tungoje kidogo, dawa inafanya kazi. Fundi akamwambia kwa adabu, "Mama, tukirudi naye utatugombeza. Tukimwacha hapa utamlilia." Tukaondoka. Huko nilipimwa mimba, haikuwapo. Daktari alisema ini limeumia, nikalazwa.

Kilichofuata nilisimuliwa. Fundi alitoka wodini akaenda moja kwa moja gereji. Mume wangu alikuwa chini ya pikipiki ya mtu. Hakumwita pembeni, ila alichuchumaa hapo hapo ili wengine wasisikie, akamwambia, "Shemeji, mimi sijui kitu na sitaki kujua. Ila mkeo yuko wodini, ini linauma kwa dawa za uzazi, na vipimo vyake tangu zamani havina tatizo. Mimi nilikuwapo alipopewa majibu. Ukimzika utamwambia nini mama yako?"

 Fundi anasema mume wangu aliendelea kufunga nati moja mpaka ikakatika.

Alikuja wodini jioni, amevaa shati la kanisani. Alikaa pembeni ya kitanda akinimenyea chungwa ambalo sikuweza kula. Siku iliyofuata alikuja na mama yake. Nikamsikia akisema, akiwa amegeukia dirisha:

"Mama, dawa ziishe. Tatizo ni letu wote wawili."

Wote wawili. Nililisikia neno hilo likitua.  Mama mkwe alinitazama mimi, akamtazama mwanawe mgongoni, akanitazama tena. Nadhani alielewa, kwa sababu mikono yake ilianza kukunja na kukunjua pindo la khanga. Lakini hakuuliza. Alisema tu, "Basi Mungu anajua," akaanza kunifungulia uji.

Tangu hapo sijaletewa kikombe kingine. Nimerudi kuuza vitenge, na ninapobeba furushi hanikatazi. Shangazi alipopiga simu kutoka Bukene kuulizia, nilimsikia mama mkwe akimwambia kwamba mtoto anapumzika. Anamaanisha mimi. Wakati mwingine namwona anamtazama mwanawe anapokula, na jicho lake lina uchungu ambao zamani ulikuwa kwangu, na sijisikii vizuri kama nilivyodhani ningejisikia.

Mume wangu na mimi hatujaenda hospitali ile kubwa. Anasema mwaka huu, kisha anasema kazi zikipungua. Kwa watu bado mimi ndiye mwenye tatizo. Kanisani kina mama wananipa pole, dada mmoja alinishauri nifunge kwa maombi, nikamshukuru. Siwezi kusema. Nimejaribu kujifikiria nikisema, nikaona sura yake pale karibu na reli, nikanyamaza. Kuna siku nakasirika mpaka nashindwa kula naye sahani moja. Nakula jikoni, nikisingizia moshi wa kuni kwa macho yangu mekundu.

Mama wa Ulyankulu mimba nyingine ilitoka mwezi wa mvua. Safari hii sisi ndio tuliokwenda kwake, fundi na mimi, kwenye basi lililojaa matope, tukapalilia tumbaku yake pamoja na mumewe kwa sababu magugu hayangoji mtu apone. Mumewe ni mtu mkimya. Alituwekea asali kwenye chupa tulipoondoka. Fundi naye mume amemwacha, au yeye ndiye aliyemwacha, inategemea siku utakayomuuliza. Anasema mtoto atamtafuta hata hivyo. Hatumuulizi kwa njia gani.

Jumamosi iliyopita alikuja mwanamke mgeni. Alikuwa ametoka Isikizya, amevaa vizuri, mkoba kwenye magoti. Alisema ameelekezwa na nesi kwamba hapa wanashona vizuri. Hakuwa na kitambaa. Fundi akaelewa, akachukua futi akaanza kumpima mabega, mikono, kifua, akinitajia vipimo niandike. Alipofika kiunoni yule dada akaanza kulia. Fundi hakuacha kupima. Mama wa Ulyankulu alisogea kwenye benchi akamwachia nafasi, akamwekea kiganjani vipande vya matobolwa.

Alilia, akala, akasimulia. Ni mwalimu. Wakwe wameanza kumsema. Tulimsikiliza mpaka mwisho, fundi akiwa amerudi kwenye cherehani. Kisha akajifuta uso, akanigeukia mimi kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu naye.

"Na wewe dada, tatizo lako ni nini?"

Cherehani ilisimama. Wenzangu wawili walitazama kitambaa kilichokuwa mezani, wote kwa wakati mmoja, wakaanza kukinyoosha ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Bado wanachunguza," nikamwambia.

Akanipa pole, akanishika mkono, nami nikauacha mkono wangu ushikwe.