Sarafu Kwenye Kopo la Rupia

Mimi nina hasira, na sitaanza kwa kuficha. Pale Mchinga nilipokuwa nauza wali na samaki kwa abiria, wateja walikuwa wanalipa kabla ya kula, maana waliona nilichomfanya mmoja aliyetaka kuondoka kimya kimya. Nilimmwagia mchuzi. Ndiyo, wa moto. Watu wakaniambia hasira hasara, nikawajibu hasara ni wali wangu ulioliwa bure.

Hasira hii nimeirithi. Marehemu baba alituachia shamba la mikorosho kule Rondo, na mimi binafsi akaniachia mkono wake. Mama anaujua mkono huo kuliko mtu yeyote. Jicho lake la kushoto halioni vizuri tangu nikiwa mdogo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Sasa, pale Lindi mjini kulikuwa na fundi simu, kijana mpole, vidole vyembamba kama vya mtu anayesuka ukili. Alikuwa anaweka lenzi jichoni, anashika skrubu ambayo mimi hata siioni. Simu yangu aliifufua mara mbili. Siku hiyo ya pili akanionyesha sarafu ya njano, nzito, inayong'aa, nyuma yake ina kibandiko kinachobadilika rangi ukikigeuza geuza. Alipewa na mgeni mmoja aliyekuwa anafanya utafiti huku kwetu, wakabadilishana na simu mbili.

"Dada, hii si ya kununulia nyanya," akaniambia. "Hela yenyewe iko kwenye mtandao. Sarafu imebeba ufunguo tu. Ufunguo umeandikwa kwenye kikaratasi, chini ya kibandiko hiki. Kikibanduliwa, imefunguliwa. Na wanaozikusanya wanataka nzima, ambayo haijaguswa, na hulipa kuzidi hela iliyomo."

Akaandika kwenye simu namba iliyochongwa mbele ya sarafu, akanigeuzia kioo. Hela ipo. Nikazihesabu zile tarakimu mara mbili.

"Mbona huichukui mwenyewe?"

"Naoa mwezi ujao, dada. Mnunuzi wa bei nzuri lazima umtafute, umsubiri. Mimi sina muda huo."

Mimi muda nilikuwa nao. Nikauza shamba la Rondo, nikainunua. Mama hakunigombeza, aliuliza swali moja tu: "Na kaburi la baba yako je, nalo umeliuza?" Nikamwambia mama, tulia, nikiiuza hii sarafu narudisha shamba lote na kinabaki cha kujengea mgahawa wenye bati na feni. Nilimwapia. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu kwake, na sikuwa na nyingine.

Nyumba yetu mlango wake unafungwa kwa kamba. Pa kuficha palikuwa mahali pamoja tu, kopo la mama. Ndani yake mna rupia za fedha za enzi za Mjerumani, alizoachiwa na bibi, na mtaa mzima unaamini zile rupia zina wenyewe wasiolala. Mwizi yeyote wa Mchinga anaweza kukuibia sufuria jikoni linachemka, lakini kopo lile haligusi. Nikaitumbukiza sarafu yangu humo, chini kabisa. Mama sikumwambia. Nilijisemea kwamba asichokijua hatakitoa mdomoni.

Ikapita miezi, ndipo nikapata mnunuzi. Mtu wa Dar, mwenye shati la kitani na dereva wake, akaniita Kilwa Masoko, kwenye nyumba ya wageni aliyofikia. Nilifika asubuhi nimevaa kanga mpya. Akaiweka sarafu juu ya meza, akapitisha ukucha pembeni ya kibandiko.

Kikateleza kama ganda la embe lililoiva. Chini yake palikuwa na kitu cha manjano kinachonata, na kikaratasi cheupe, hakina hata herufi moja.

Akaingiza namba kwenye simu yake. Hela ipo. Akanitazama akacheka kwa pua.

"Sista, unanifanya mtoto? Ufunguo umeutoa, umeuficha. Nikulipe, kisha uhamishe hela, mimi nibaki na bati."

"Mshenzi wewe," nikamwambia. "Mimi si mwizi."

Akanizaba kofi. Loo! Tangu baba afe hakuna mwanamume aliyenigusa. Nikamrukia, nikamng'ata kwenye kiwiko cha mkono mpaka nikasikia chumvi ya damu. Dereva akanivuta nywele, nikaanguka na mdomo kwenye ukingo wa meza. Jino moja lilibaki pale Kilwa Masoko. Niliokota sarafu yangu sakafuni, jino nikaliacha.

Sikurudi nyumbani. Nilipitiliza moja kwa moja mpaka Lindi, damu inachuruzika kwenye kanga mpya, na njia nzima nilikuwa na neno moja tu kichwani: fundi. Aliniuzia iliyokwisha banduliwa. Na vidole vile, nani mwingine angeweza kubandua na kurudishia bila mtu kujua?

Nilimkuta peke yake. Alisimama akitabasamu. "Karibu dada. Pole, mdomo umefanyaje?"

Nikambwagia sarafu mezani. Akaishika, akaweka lenzi jichoni, akaigeuza mara mbili.

"Dada, hii ililowa. Hii ilikaa majini, karatasi imefutika." Kisha akaharakisha kuandika namba. "Lakini angalia, hela ipo! Kama ningechukua ufunguo, si ningeshaitoa zamani? Ingekuwepo mpaka leo?"

Nilimsikia. Naomba hapa nieleweke vizuri, maana hili nimelificha miaka miwili. Nilimsikia, na nikamwelewa. Maneno yake yaliniingia yakakaa sawasawa kichwani. Lakini mkono ulikuwa umekwisha shika lile jiwe analozuilia mlango, na mkono wangu ukishapanda hauna breki.

Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, umefunguka, sarafu kwenye kiganja. Nikapiga hapo. Mifupa ililia kama kifuu kinapokanyagwa. Alipojaribu kuuvuta nikaukandamiza kwa mkono wa kushoto, nikapiga tena. Hakupiga kelele, alikuwa anasema tu "dada, dada, dada."

Aliyepiga kelele ni mimi. "Tapeli! Tapeli ameniibia!" Neno hilo mjini ukilitamka, huhitaji kumaliza sentensi. Vijana wa bodaboda walikuja mbio, hakuna aliyeniuliza kitu. Walimtoa chini ya meza kwa miguu yake, kabati la kioo likamwangukia, mmoja akawa anamkanyaga mbavu huku akimuuliza "umemfanya nini mama wa watu?" Swali lenyewe hakungoja lijibiwe. Mimi nilisimama mlangoni na pengo langu, nikaona raha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Polisi walipokuja, watu wote walitoa ushahidi upande wangu. Nani asimwonee huruma mwanamke mwenye damu mdomoni?

Nyumbani nilimsimulia mama kwa majigambo, nikimwonyesha jinsi nilivyopiga. Alikuwa anachagua mchele. Aliendelea kuchagua, ila niliona anatupa mchele na kubakiza mawe. Usiku ule hakula, wala kesho yake.

Siku ya nne jirani yetu aliyekuwa na mgonjwa hospitali ya Lindi akaleta habari. Fundi amelazwa karibu na mgonjwa wake. Mbavu zitapona, lakini vidole vitatu madaktari wamesema havitakunjika tena.

Jirani alipoondoka, mama akaja akasimama mlangoni. Hakuingia ndani nilipokuwa, alisimama pale ambapo mtu anaweza kukimbia.

"Mwanangu, ni mimi."

Kila mwezi wa Shaabani mama huloweka zile rupia kwenye ukwaju usiku kucha, kisha huzisugua kwa majivu na kumbi la nazi, ili Ramadhani izikute safi. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye kazi hiyo, nimezisugua tangu sijaanza shule. Na bado nikaweka sarafu yangu humo! Mama kwa jicho lake moja hakujua kama kuna ngeni kati ya zile anazozijua. Aliiloweka na wenzake. Asubuhi kibandiko kikawa kinaelea kwenye bakuli, naye akaelewa kwamba kitu changu kimeharibika, akakibandika tena kile kibandiko kwa utomvu wa mkorosho.

"Yaa Rabi, mama! Kwa nini hukuniambia? Hata nilipotoka kwa fundi, kwa nini?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Nikuambie wewe?"

Basi.

Tulikwenda Lindi wote wawili fundi alipotoka hospitali. Kabati lilikuwa bado halina kioo. Alikuwa anahangaika na skrubu kwa mkono wa kushoto, inaanguka, anaiokota. Aliponiona akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Kisha akamwona mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa kiti, kilikuwa kimoja tu. Mama akamweleza yote mwenyewe, ukwaju, majivu, utomvu, bila kunitaja hata mara moja. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akaandika ile namba polepole, kumbe alikuwa anaijua kwa moyo, akamgeuzia mama kioo.

"Hela ipo, mama. Itakaa hapo hata sote tukifa. Hakuna wa kuitoa."

Mama akaitazama, akatikisa kichwa. Nadhani alikuwa analiona shamba la Rondo na kaburi lililomo.

Nilitaka kumwomba radhi, na kwetu radhi haiombwi na kichwa kilichofunikwa kanga. Nikainua mkono nishushe kanga.

Fundi akauficha mkono wake mbovu kifuani. Na mama, pale kitini, akafunika uso.