Krimu ya Mama Kijacho

Mchirizi wa kwanza niliuona kwenye kioo cha wateja, pale kwenye fremu yangu ya ushonaji, Nyasubi, hapa Kahama. Nilikuwa najaribisha gauni langu mwenyewe la ujauzito, pazia nimelivuta, nikauona chini ya kitovu: mwekundu, mwembamba, umejipinda kama uzi ulioangukia pale. Nikaupangusa kwa kidole nikidhani ni uzi kweli. Haukutoka. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, mtu mzima mimi, huku mteja ananisubiri nje na kitenge chake.

Anayetaka kucheka acheke. Kazi yangu ni kupima watu miili, na nimeyaona matumbo ya wanawake wa Kahama kuliko manesi. Nimewasikia wanavyojisema wenyewe. "Fundi, huku usiangalie." "Fundi, hapa niwekee kitambaa kizito." Kuna dada mmoja mwanaume wake alimwambia tumbo limekuwa kama mbuga ya kiangazi. Alinisimulia huku anacheka, lakini kile kicheko sikukipenda. Na mume wangu mimi ni mnunuzi wa dhahabu kule Segese, anashinda kwenye mialo, wanakooshea mchanga wa dhahabu, na kurudi jioni, na penye dhahabu wanawake wazuri hawakosekani. Sasa nisiogope kwa sababu gani?

Nilimpigia mama yangu. Yeye yuko Ushetu, analima tumbaku, na mambo ya vioo hana habari nayo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mayu, mwanangu, hiyo ndiyo mimba. Mimi nilipaka samli na nikachirizika hivyo hivyo. Jirani yangu hakupaka kitu, akatoka na tumbo laini. Ngozi unazaliwa nayo."

"Mama, mimi nataka dawa, sitaki hadithi."

"Haya, nakutumia samli."

Akanitumia kweli, kwenye chupa ya maji, kwa basi. Nikapaka. Mume wangu akaniuliza kama siku hizi nalala zizini. Tukacheka wote wawili, lakini kesho yake chupa nikaipeleka jikoni. Nikahamia mafuta ya nazi. Nikapaka ya mnyonyo, yale mazito yanayovuta shuka. Nikapaka ya ubuyu, ambayo muuzaji aliniapia kwa Mungu kwamba hata kovu la kuungua yanalimaliza. Michirizi ikazidi kuja, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoingia msibani. Mwezi wa sita wa mimba ilikuwa imeshika pande zote mbili, na mimi nilikuwa nabadilisha nguo gizani.

Ndipo nikafika kwa yule dada wa vipodozi pale sokoni. Ana meza yake chini ya mwavuli, mtoto mgongoni, maneno matamu kuliko asali. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa weupe, ila maungio ya vidole yamebaki meusi tii. Niliyaona. Kila mwanamke anajua vidole vya namna hiyo vinasema nini, lakini mimi nilijiambia sipaki usoni, napaka tumboni tu, tena kwa ajili ya michirizi. Mkorogo wa kujichubua ni wa usoni bwana.

"Mama kijacho," akaniambia, "hayo mafuta ya bibi achana nayo. Hii inachimba ndani."

"Ina nini humu?"

"Ina mambo."

Akachota kutoka kwenye ndoo, akanijazia kikopo kisicho na karatasi wala jina. Ilikuwa nyeupe kama maziwa mtindi, inanukia waridi. Nikapaka asubuhi, nikapaka kila nikitoka kuoga, kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia nautumia kushikilia ukuta. Na ikafanya kazi! Huo ndio ukweli, sitaki kudanganya. Michirizi ilififia, nikaanza kuishi na taa zinawaka. Nilimwimbia mtoto. Nilimwambia, mwanangu, mama yako amekuwa mrembo, subiri uje uone.

Kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni mimba. Mdomoni kukawa na ladha kama nimelamba sarafu. Mimba. Siku moja nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, mkono unatetemeka, nikamwita mteja anitungie. Mteja akasema ni damu imepungua, nile matembele. Nikala matembele.

Pete niliigundua Jumapili tukiwa tumetoka misani. Nilikuwa naosha vyombo uani, nikageuza kiganja kuondoa povu, nikaona upande wa ndani wa pete yangu ya ndoa umepauka. Siyo uchafu. Umekuwa mweupe, rangi ya bati jipya. Nikasugua kwa mchanga, nikasugua kwa steeliwaya, weupe uko pale pale.

Hasira iliyonipanda, weee! Mimi mke wa mnunuzi wa dhahabu, niliyetambiwa mbele ya ukoo mzima kwamba pete hii ni dhahabu ya Segese aliyoichagua kwa mkono wake, kumbe nimevishwa bati lililopakwa rangi! Nikamfuata ndani na povu mkononi.

"Umeniona mimi mjinga, siyo?"

Alikuwa anakunywa chai. "Kuna nini tena?"

"Pete yako imechuja! Imechuja kama kitenge cha mnadani! Huyo uliyempa ya kweli ni nani?"

Akacheka. Mume wangu akichokozwa ni mtu wa kucheka, na siku ile alicheka vizuri, akanyoosha mkono nimpe. Nikaivua kwa sabuni maana vidole vilishavimba. Akaigeuza. Akaacha kucheka. Akainuka akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole gumba polepole, upande ule ule mweupe. Alipogeuka, uso wake sikuujua.

"Umeshika zebaki wapi?"

Huku kwetu zebaki haihitaji kuelezwa, ila nitaeleza. Ni yale maji ya fedha wanayomwagia mchanga kule mwaloni ili ikusanye dhahabu, halafu wanaichoma iondoke, dhahabu ibaki. Ikigusa dhahabu tu, dhahabu inakuwa nyeupe. Mume wangu anaijua kuliko anavyonijua mimi. Na tangu nishike mimba alikuwa na sheria yake: nguo za kazini anavulia Segese, viatu vinabaki Segese, zebaki haivuki kizingiti chetu.

Akaanza kupekua. Mkoba wake, mifuko ya suruali, chini ya kitanda. Alikuwa anajilaumu kwa sauti, anasema labda ni yeye, labda imemdondokea kwenye pindo. Mimi nimesimama katikati ya chumba, nautazama mkono wangu wa kushoto. Mkono wa pete. Mkono wa kupakia.

Nilienda kuleta kikopo nikampa.

Akakinusa. Hakuna kitu cha kunusa pale zaidi ya waridi. Akakiweka chini, akachukua pete na mashine yake ndogo ya gesi ya kuchomea dhahabu, akaniambia, "Kaa ndani. Funga dirisha." Mimi nimemwona huyu mtu akichoma dhahabu Segese, uso wazi, sigara mdomoni, anapiga soga na wenzake kwenye moshi. Siku ile alivua fulana akajifunga puani na mdomoni, akaenda mwisho kabisa wa ua, akasimama upande upepo unakotoka. Yule ambaye haogopi, alikuwa anaogopa.

Nilimtazama kupitia kioo cha dirisha. Aliichoma pete kwenye kigae, na haikuchukua muda ikarudi manjano, imefubaa kidogo, lakini manjano. Ilikuwa dhahabu yake ya kweli. Ningetoa chochote iwe bati.

Kwa maana kile kilichotoka kwenye pete kwa moto, tumboni kwangu kitatolewa na nini? Niliingia bafuni nikajisugua kwa sabuni ya mche na dodoki mpaka ngozi ikawaka. Najua ni ujinga. Nilikuwa nalia naongea na mtoto, namwambia samahani, samahani, mama hakujua. Halafu nikagundua tangu misani hajacheza.

Mchana ule Mungu asinirudishie. Nililala ubavu, nikanywa soda ya baridi kwa sababu watu husema inawaamsha watoto tumboni. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule. Mume wangu amepiga magoti, sikio tumboni, anapumua kama mtu aliyekimbizwa. "Nyamaza," ananiambia, na mimi nimenyamaza siku nyingi. Salamu Maria nilizosema hazina idadi. Alipocheza, alicheza mara moja tu, kidogo, kama mtu aliyeguswa akiwa usingizini. Mume wangu akatoka nje.

Kliniki nesi alikiangalia kikopo bila kukigusa. Akatuandikia rufaa, tukaenda hospitali kubwa, wakachukua mkojo, wakachukua damu. Majibu yalipokuja daktari alituketisha. Alikuwa mwanamke, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Zebaki ya kwenye hiyo krimu imeingia kwenye damu," alisema. "Umeacha, na hilo ni jema sana. Mwili utaitoa taratibu."

"Na mtoto?"

"Mengine tutayaona akizaliwa."

"Mengine yapi, daktari? Na yanayobaki?"

"Yanayobaki tutayaona akikua. Kusikia, kushika, kuongea. Sitaki kukudanganya mama, kwa sasa hakuna anayejua."

Watu walinifariji. Walisema wanawake wa mwaloni wanaishika zebaki mikono mitupu, mimba juu, na wanazaa. Kweli wanazaa. Ila nilipoanza kuwauliza hao watoto wako wapi, wana umri gani, wanaongea vizuri, watu wakawa wanabadilisha mazungumzo.

Nilienda sokoni nikitaka kumwaga ile ndoo mbele za watu. Matusi nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikamkuta yule dada amekaa nyuma ya meza ananyonyesha, kifua kinang'aa kwa krimu ile ile, mtoto ameng'ang'ania. Nikamweleza kwa sauti ya chini, pete, moto, daktari. Akaniambia nina wivu, nimetumwa. Halafu akamtazama mwanawe.

"Mbona wangu mzima?" akaniuliza. Hakuwa ananigombeza tena, alikuwa ananiuliza kweli. "Si unamwona? Mzima huyu."

Nilimwangalia yule mtoto kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Sikujua hata naangalia nini. Nikamwambia avue blauzi akaioshe ile krimu, nikaondoka. Juma lililofuata meza haikuwepo, na sijui kama alinisikia au alihamia soko lingine.

Binti yangu alizaliwa mdogo, akalia. Nilimwambia mkunga amlize tena. Vidole vimetimia, macho yanafuata taa. Daktari akasema mpaka hapa vizuri, tuendelee kumtazama. Tumbo langu lilichirizika lote, juu mpaka chini, na sijui ilikuwa lini, kwa sababu sikuangalia.

Mimi nikaendelea kumtazama. Daktari alisema kusikia, basi nikawa napiga makofi nyuma ya kisogo chake. Akigeuka, nashukuru. Baada ya muda napiga tena, maana labda aligeuka kwa bahati. Nikahamia mfuniko wa sufuria na mwiko, kwa sababu makofi labda anahisi upepo wake. Naupiga kwa nguvu, anashtuka mpaka mikono inaruka, analia, nami nambeba namfuta machozi na moyo wangu umetulia. Unatulia kidogo tu. Baada ya kumlaza unaanza tena: kushoto nimempima, kulia je? Mume wangu aliniambia, "Mama, anasikia. Mwache mtoto." Nikamwambia yeye hakubeba.

Sasa anatembea. Neno bado, isipokuwa sauti sauti tu, na kila anayenitembelea ananiambia wa kwao alichelewa zaidi. Nawaitikia. Wakiondoka namwita jina kutoka kila pembe ya nyumba.

Juzi alikuwa amekaa mkekani uani, amenipa mgongo, anavua na kuvaa kandambili ya baba yake. Nikatoka jikoni pole pole, miguu mitupu, mfuniko mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Sikuwa nimefika hata nusu ya njia. Hakugeuka. Aliiacha ile kandambili, akainama, akaziba masikio kwa mikono yake miwili.

Nikauweka mfuniko chini, kwa taratibu, usitoe sauti. Nikamwambia basi, mama ameacha, toa mikono. Hakuitoa. Nilikaa nyuma yake pale pale chini, muda mrefu, na yeye amejikunja anasubiri nipige.