Obeid Salim na Karatasi Kumi na Tisa za Molo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi, Obeid Salim anazungusha mkono wa mashine ya kuchapia nakala katika stoo ya hospitali moja mjini Nakuru. Anachechemea. Mguu wake wa kushoto umefungwa bandeji iliyolowa, ingawa hana kidonda.

Anahitaji karatasi kumi na tisa kabla ya saa mbili, lori la Gelle, dereva wa viazi, litakapoondoka kwenda Molo.

Obeid, mwenye miaka arobaini na mmoja, ni dresa, mfunga vidonda. Tangu mwaka 1953 anaandika pia somo moja kila mwezi kwa madresa wa mashambani, ambao wengi walifundishwa wiki chache tu wakaachiwa sanduku la dawa. Halipwi kwa kazi hiyo.

Somo la mwezi huu limemnyima raha. Aliagiza kidonda cha mguu kifungwe bandeji ya kukaza, kisiguswe mpaka siku ya saba. Wodini njia hiyo imeponya wengi. Lakini mgonjwa wa wodini hulala, mguu ukiwa juu ya mto.

Jana Gelle alimletea barua ya Chelagat, dresa wa shamba la pareto, maua ya dawa ya wadudu, karibu na Molo. Mchumaji mmoja, Wangu, alifungwa kama somo lilivyosema, kisha akarudi kuchuma kwenye umande. Bandeji ikalowa, ikakauka, ikazidi kubana. Siku ya tatu vidole vilikuwa baridi, havisikii kitu. Chelagat hakungoja siku ya saba. Aliifungua, akaupakata mguu ule ndani ya shuka lake asubuhi nzima.

Hakumlaumu Obeid. Aliandika tu: "Mwalimu, huku wagonjwa wetu hawalali."

Obeid alifunga mguu wake mwenyewe, akaumwagia maji, akatembea mpaka mtaa wa Bondeni na kurudi. Alipofika alikuwa ameuma meno kwa maumivu.

Madresa wengine kumi na wanane wana somo lile lile, na wengi walifunga wagonjwa wao Jumatano. Leo watakutana Molo kuchukua dawa. Wakitawanyika kabla ya karatasi mpya kufika, hakuna wa kuwafuata.

Tena, katika miaka hii ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, karatasi zisizo na muhuri zinaweza kumtia dereva ndani. Ofisi ya muhuri hufunguliwa saa mbili, saa ile ile ya lori.

Gelle anachungulia mlangoni. "Daktari wa karatasi," anamtania, "viazi vya Molo havimngoji mtu anayechechemea." Kisha anabeba karatasi zote mwenyewe, anamshika Obeid mkono, anampandisha lorini na kumpeleka ofisini.

Karani Ogola yuko kizingitini na kikombe cha chai. Anasoma polepole mstari wa kwanza: Fungueni bandeji leo, niliwafundisha vibaya. Anamshauri Obeid aandike "marekebisho" tu. Wakubwa wakiona maneno hayo, huenda akapoteza kazi.

"Nikilificha kosa, kuna atakayeendelea kuamini somo la kwanza," Obeid anamjibu. "Na huyo ana mgonjwa."

Ogola anaweka kikombe chini, anafungua mlango kabla ya saa, anagonga muhuri mara kumi na tisa.

Saa kumi na moja jioni lori linarudi na viazi. Gelle anatoa karatasi moja yenye sahihi kumi na tisa za waliopokea somo, baadhi zikiwa alama za dole gumba. Chelagat aliwasomea wenzake kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Vidole vitatu vya Wangu vimeanza kusikia. Viwili bado.

Obeid anauliza mara mbili kuhusu hivyo viwili. Gelle anarudia: viwili bado.

Obeid anakaa kwenye gunia, anafungua bandeji yake. Mfereji mwekundu umezunguka muundi wake. Likizo yake ya siku kumi ni mwezi ujao, na ameshamwomba Chelagat kwa barua nafasi ya kulala shambani na kapu la kuchumia pareto.

"Somo linalofuata," anasema, "nitaliandika nikiwa nimelowa."