Vyumba Viwili vya Kasri

Njagi alipostaafu udereva, wanawake wa kanisani walimwambia mkewe Makandi kwamba sasa atapumzika, kwa kuwa mwenye nyumba amerudi. Alicheka nao, akashukuru. Hakuwaambia kwamba tangu mumewe ashuke pale mtaani kwao Majimbo na mabegi yake, yeye anaishi kama mtu aliyeletewa mpangaji bila kuulizwa.

Hakuwa mume mbaya. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha lori la Hersi, tajiri mmoja wa Maua, mji wa Wameru, akipeleka mizigo Marsabit na Moyale. Watoto walisoma, nyumba ya mawe ikasimama hapo Embu mjini. Ila alikuwa mtu wa kuja, kulala, kuoshewa nguo na kuondoka. Makandi, mzaliwa wa Muthara kwa Wameru wa Tigania, alijifunza kuishi kwa Waembu peke yake. Alianzisha kitalu cha miche ya makadamia na parachichi kule Manyatta, akajua fundi wa mabomba anapatikana wapi na chifu anaamkia upande gani. Nyumba ilikuwa na mwendo wake. Njagi alipoingia humo kukaa moja kwa moja, hakupata pa kukanyaga.

Kwa mazoea ya barabara, aliamka kabla ya jogoo. Ili asimsumbue mkewe, akahamia chumba cha wavulana, ambao walikuwa wameshaondoka. Hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo.

Aliyeliona ni binti yao Kinya, muuguzi huko Nanyuki, alipokuja Krismasi. Mwezi wa nne akapiga simu, akasema amewawekea chumba katika hoteli moja ya zamani huko Nanyuki, na kwamba watakuja kwa treni.

"Treni ya nini, na magari yapo?" Makandi aliuliza.

"Kwa sababu inaenda polepole, mama," Kinya akajibu.

Walipandia Sagana Ijumaa, wakapata viti vinavyotazamana. Treni ikaanza kukwea kuelekea Karatina, katikati ya migomba na mashamba ya chai na kahawa. Makandi hakuwa amewahi kukaa mbele ya mumewe saa nyingi hivyo bila kazi mkononi. Aliangalia nje. Kisha akaona mguu wa kulia wa Njagi: kila kona ilipokaribia, uliikanyaga sakafu taratibu, kana kwamba breki ilikuwa pale. Alitaka kucheka, akajizuia, akashangaa kwa nini amejizuia.

Baada ya Karatina alifungua kikapu. Njagi akaichukua thamosi, akammiminia chai, akatia sukari vijiko viwili vya kujaa.

"Mimi niliacha sukari," Makandi alisema.

"Lini?"

"Kuna miaka. Daktari alinikataza."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa Moyale."

Hakulisema kwa kumchoma. Lakini neno hilo lilikaa kati yao mpaka Naro Moru. Njagi aliinywa ile chai yenye sukari mwenyewe, akammiminia nyingine, akaishika mpaka mkewe alipoipokea.

Hoteli ilikuwa ya enzi za walowezi, ya sakafu za mbao zinazolia ukizikanyaga, na kila chumba kilikuwa na meko. Kinya aliwapokea, akala nao, kisha akawaaga kwenda zamu. Mhudumu alipoleta chai, kila kikombe kilikuwa juu ya kisahani chake. Njagi alikitazama chake, akatabasamu kidogo.

"Nini?" Makandi akauliza.

"Ni kama kile unachonipa nyumbani."

Makandi akakitazama pia. Ni kweli. Yeye mwenyewe hunywea kikombe cha bati, na watoto walinyweshwa hivyo hivyo. Vikombe vya visahani hutoka kabatini akija mchungaji, au Njagi. Usiku ule alilala akilifikiria hilo, na mumewe kando yake, kwa sababu chumba kilikuwa na kitanda kimoja tu.

Jumamosi gari la hoteli liliwapeleka pamoja na wageni wengine kwenye kasri la mawe, juu kidogo ya Timau. Waliongozwa na kijana mmoja mpole wa sehemu hizo aitwaye Bundi. Alisimulia kwamba mlowezi aliyelijenga alitaka lifanane na jumba la babu zake, ndiyo maana likawa na minara, ingawa hapakuwa na adui wa kuchungulia. Kisha bwana yule akawa mtu wa safari. Mkewe ndiye aliyeangalia ngano na kondoo miaka yote. Bwana alipozeeka akarudi kukaa.

"Hapa ndipo alipolala bwana," Bundi alisema, akifungua mlango. Akawapitisha kwenye korido yenye picha za farasi. "Na hapa ndipo alipolala mama. Mmoja akiwa na neno, alimtuma mpishi kwa mwenzake."

Wageni walicheka. Makandi aligeuka akaitazama ile korido. Ilikuwa ndefu kuliko yao ya Majimbo, lakini haikuwa ndefu sana.

"Walikuwa wamekosana?" aliuliza.

"Hapana, mama. Tunaambiwa hawakugombana hata siku moja."

Wenzao walipanda mnarani. Makandi na Njagi walitoka, wakakaa kwenye ukuta mfupi upande wa kaskazini. Kule chini nchi ilifunguka, kavu na ya rangi ya vumbi, na barabara ya Isiolo ikapotea ndani yake. Njagi aliiangalia kwa muda.

"Huko nilikuwa najua kila kitu," alisema. "Najua wapi pana maji, wapi pana majambazi, nani atanipikia. Nyumbani sijui hata kiberiti kinawekwa wapi."

"Si uulize."

"Nikiuliza, unainuka unaniletea." Akamgeukia. "Najua huniletei kwa ubaya, Mama Kinya. Unanitunza vizuri. Lakini mgeni ndiye hutunzwa hivyo."

Makandi alihisi hasira kwanza. Alitaka kumwambia kwamba nyumba ile ilisimama kwa sababu yeye hakungoja mtu. Kisha akaona kwamba mumewe hakuwa akimlaumu. Alikuwa akiomba nafasi.

"Mimi sijui kukuachia kazi," akasema mwishowe. "Nilizoea kutokuwa na mtu. Nikikuona umeshika ufagio, naona kama nimeshindwa."

"Basi nitashika kitu kingine."

Jumapili hawakurudi na treni. Ni Makandi aliyesema kwamba kutoka pale hadi Muthara si mbali, na kaka yake Kaimenyi hajawaona pamoja tangu harusi. Walifika mchana. Njagi akakaa nje na wazee wa kijiji, na Makandi alipotoka jikoni alimkuta akisimulia kisa cha lori lililozama mchangani, kwa Kimeru cha Tigania, safi, mpaka wazee wanajishika mbavu. Kwao Embu miaka yote walikuwa wakizungumza Kiembu. Makandi hakujua kwamba mumewe anaijua lugha ya kwao Muthara.

"Miaka yote nikiwa Maua," Njagi alimwambia, "ulidhani naongea na nani?"

Tangu hapo mambo hayajanyooka yote. Siku nyingine Njagi bado hulala chumba cha wavulana, hasa akijua kwamba ataamka mapema. Lakini asubuhi huenda Manyatta na mkewe. Amejifunza kuunganisha miche, kufunga kijiti cha mti uzaao vizuri kwenye shina changa. Ile ya kwanza ilikauka karibu yote, na Makandi alimwacha akaona mwenyewe mahali alipokosea, ingawa mikono ilimwasha kuirekebisha. Mvua za vuli zilipokuja, michache ikashika, ikatoa majani. Njagi aliitenga kando, kwenye kivuli, na mteja akija akaitaka, humwambia kwamba hiyo haiuzwi bado.